Kinyozi wa Guaranda na Hazina ya Mwalimu Targelia

Pale Guaranda, ukitaka habari yako ifike kila nyumba kabla ya chakula cha mchana, ulikwenda kunyoa kwa Fausto Gavilanes. Mzee huyu alikuwa na mkono mwepesi, na mdomo mwepesi kuliko mkono. Nywele zikidondoka sakafuni, siri za mji zilidondoka pamoja nazo, na kila aliyetoka pale akipapasa kisogo chake aliondoka na habari ya mwenzake. Si kwamba alikuwa mbaya. Hakumzulia mtu uongo, wala hakusema kwa nia ya kuharibu. Ni kwamba jambo likiingia sikioni mwake lilitafuta njia ya kutokea, na njia iliyokuwa wazi daima ni mdomo. Watu walimwita Fausto Redio, mbele yake na nyuma yake, naye alicheka kama mtu aliyepewa cheo.

Hata siri zake mwenyewe hazikupona. Zamani, alipotaka kumposa Targelia Verdezoto, alimweleza msichana habari ya pete wiki mbili kabla ya kuinunua, akaongeza na jina la sonara. Watoto wao wawili, Ximena na Germán, walikua wakijua kila zawadi ya Noeli tangu Novemba. Miaka arobaini na minne ya ndoa, na mzee hajawahi kumshtukiza mkewe hata kwa mkate.

Mkewe alikuwa mtu wa namna nyingine. Mwalimu Targelia alifundisha jiografia miaka thelathini na minane katika shule ya msingi iliyo nyuma ya soko. Alikuwa akisimama mbele ya ubao, anashika chaki, anaanza na pwani ya kaskazini, na mkono haunyanyuki mpaka nchi nzima imefungwa na chaki imerudi ilikoanzia. Kuna kizazi kizima pale Guaranda ambacho ukikiamsha usingizini kitakutajia mito ya mashariki kutoka kaskazini kwenda kusini: San Miguel, Aguarico, Napo, Curaray, Tigre, Pastaza. Na kila mwisho wa mwaka aliwaandalia wanafunzi wake msako wa hazina. Alificha vikaratasi kwenye miti, chini ya madawati, mfukoni mwa mlinzi wa shule. Kila kikaratasi kilikuwa na swali, na jibu la swali lilikuwa njia ya kufika kwenye kikaratasi kingine, mpaka kwenye boksi la peremende. Asiyejua mito alikosa peremende. Wengi waliijua mito kwa sababu hiyo.

Lakini mwalimu huyo mwenyewe hakuwa amekwenda popote. Mama yake alipooza upande mmoja, akalala kitandani miaka kumi na tisa, na Targelia ndiye aliyemgeuza, kumlisha na kumwogesha, asubuhi kabla ya shule na jioni baada yake. Safari zake ndefu zilikuwa mikutano ya walimu mjini Riobamba, na mara moja msiba kule Babahoyo. Mama huyo alipofariki, Targelia alikuwa amekwisha staafu, na mazoea ya kukaa nyumbani yalikuwa yameota mizizi.

Siku moja ya Septemba, mwalimu mmoja kijana alikuja kuazima ramani zake za zamani. Fausto alikuwa ndiyo kwanza anarudi na mkate, akasikia mazungumzo akiwa nyuma ya mlango.

"Mwalimu, huo mto Napo ni mpana kiasi gani, ukisimama ukingoni mwake?" aliuliza yule kijana.

"Kitabu nitakusomea," Targelia alijibu, akicheka. "Ila ukingoni usiniulize, mwanangu. Nimeufundisha ule mto miaka thelathini na minane na sijachovya hata kidole."

Alicheka kweli, wala si kicheko cha uchungu. Lakini Fausto alibaki amesimama na mkate wake mpaka ukapoa. Agosti inayokuja mkewe angetimiza miaka sabini. Na papo hapo, nyuma ya mlango, akajua atakachofanya: atamwandalia Mwalimu msako wa hazina, lakini si wa kuzunguka shule. Utakuwa wa kuzunguka nchi.

Kulikuwa na vikwazo viwili. Cha kwanza, Fausto aliacha shule darasa la tatu, na jiografia aliyoijua ni ile ya vichwa vya watu. Cha pili ni mdomo. Toka Septemba hadi Agosti ni miezi kumi na moja, na mzee hakuwahi kutunza siri hata siku kumi na moja.

Mtu wa kwanza kumshirikisha alikuwa Segundo Bayas, dereva wa basi la Ambato, mwanafunzi wa zamani wa Targelia, mtu mnene mwenye masharubu aliyoyatunza kama bustani. Alikuwa kitini, povu hadi masikioni.

"Segundo, nikikuambia jambo, utalinyamazia?"

"Mzee Fausto," Segundo alisema bila kufumbua macho, "hilo swali si ungejiuliza wewe?"

Fausto akamweleza yote. Segundo akafumbua macho, akaketi wima, povu likamdondokea kifuani.

"Kwa Mwalimu? Mimi nimo! Yule mama ndiye aliyenifundisha barabara kabla sijajua usukani. Lakini nakwambia ukweli, mzee wangu, utavuruga. Wewe ukifunga huo mdomo mpaka Agosti, nanyoa haya masharubu."

"Yote?"

"Yote. Na utaninyoa wewe mwenyewe."

Kazi ikaanza. Fausto alinunua ramani ya shule, ile ya watoto, akaificha kabatini chini ya taulo. Mteja akishafunikwa uso kwa taulo ya moto, kinyozi aliitoa ramani akaisoma, midomo ikicheza kama mtu anayesali. Mara nyingine alisahau akauliza kwa sauti: "Hivi makao makuu ya mkoa wa Morona Santiago ni wapi?" Na kutoka chini ya taulo sauti ikajibu: "Macas, mzee. Unataka kuhamia?" Wanafunzi wa zamani waliomo kwenye siri, mmoja baada ya mwingine, walimtungia maswali. Ximena, aliyekuwa muuguzi Ambato, ndiye aliyeyachapa, kwa maana Mwalimu alikuwa akiujua mwandiko wa kila mtoto aliyepita mikononi mwake, na makosa ya tahajia ya mumewe aliyajua zaidi.

Kisha ikaja habari ya hazina yenyewe. Peremende hazikufaa, sukari ya Mwalimu ilikuwa juu. Fausto alifikiri wiki nzima. Mwisho akasema: apewe nchi yenyewe. Nchi ina mikoa ishirini na minne, na katika kila mkoa palikuwa na mtu aliyewahi kukaa mbele ya ule ubao: askari, mpishi, mtawa, mchimba kisima. Kila mmoja akaombwa kiganja kimoja cha udongo wa huko aliko, katika mfuko mdogo wa kitambaa wenye jina la mkoa. Mifuko ikaanza kufika kwa mabasi. Udongo mwekundu wa msitu, majivu ya volkano, mchanga wa Esmeraldas uliokuwa bado unanuka bahari, hata mteja mmoja akauliza kama kinyozi ameanza kuuza samaki.

Na mdomo? Mdomo ulimtesa mzee yule kama jino bovu. Mezani mkewe akitaja neno "safari," alikohoa. Akitaja "Agosti," aliinuka kwenda kutazama kuku. Wakati wa Kanivali, pale Guaranda ambapo hata mapadri huloweshwa maji na kupakwa unga, jirani alimmiminia bilauri ya pili ya Ndege wa Buluu, ile pombe yetu ya miwa yenye rangi ya anga. Fausto akasikia siri inapanda kooni pamoja na joto. Akamtazama mkewe anacheza, unga kichwani, amependeza, na maneno "Targe, nina jambo" yakafika kwenye meno. Alitimua mbio, akajifungia chooni, akakaa humo mpaka ngoma zikahamia mtaa wa pili. Watu waligonga. "Tumbo!" alipiga kelele. "Ni tumbo!"

Akavumilia hivyo mpaka Juni, ndipo akaona dawa ni moja tu: asiseme kabisa. Akifungulia mdomo kwa jambo dogo, kubwa nalo litatoka. Basi Fausto Redio akanyamaza. Alirudi nyumbani jioni, akala supu yake, akatazama ukuta. Hakuleta habari ya aliyeachana na mkewe wala ya aliyeuza ng'ombe.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na Targelia alianza kuusubiri huo mshindo. Wiki ya kwanza alishukuru. Wiki ya pili alimpima homa. Wiki ya nane alimkuta anaongea na kuku, kwa kunong'ona, na kuku mmoja amemtulia kabisa kama anayesikiliza siri nzito, ambayo kwa kweli ndiyo aliyokuwa anaisikiliza.

"Fausto," alisema, ameshika fremu ya mlango. "Kesho tunakwenda kwa daktari."

"Mimi sina ugonjwa, Mwalimu."

"Miaka arobaini na minne nimekuomba unyamaze hata dakika tano. Sasa umenyamaza miezi miwili. Mtu hafanyi hivyo hivihivi. Ama unakufa, ama una mwanamke. Na mwanamke ungekuwa umekwisha niambia."

Sauti yake ilikatika mwishoni. Fausto akaona macho yake yamejaa, akasikia aibu, na pale siri ilikaribia kumtoka kuliko hata siku ile ya Kanivali. Alishika ukingo wa banda la kuku kwa mikono miwili. "Twende basi kwa daktari," alisema.

Ilikuwa mwanzo wa Agosti. Daktari alikuwa Nancy Yánez, mwanamke wa miaka arobaini, ambaye darasa la nne alilia siku nzima kwa kuusahau mto Curaray. Alimpima mzee mapafu, moyo, mgongo. Kisha akamwomba Mwalimu atoke kidogo, akafunga mlango.

"Baba, mwili wako ni wa kijana. Una nini?"

Na Fausto, aliyekuwa hajasema neno la maana kwa miezi miwili, akamwaga yote kwa pumzi moja, kuanzia mkate hadi kuku. Dokta Yánez alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaivaa tena, akafikiri.

"Mzee Fausto, kwa hiyo ulipanga kumtoaje nyumbani?"

"Hapo ndipo nilipokwama. Nikimwambia twende matembezi atasema nani atalisha kuku."

"Na mgonjwa wake akiandikiwa safari na daktari?"

Wakatazamana. Siku tatu kabla ya kutimiza miaka yake sabini, Targelia aliitwa kliniki kuchukua cheti cha dawa cha mumewe. Alivaa miwani, akasoma pale pale ukumbini, mbele ya watu:

"Mgonjwa apelekwe kesho asubuhi, na mke wake, hadi kwenye mlima ambao kilele chake kiko mbali na kitovu cha dunia kuliko kilele kingine chochote. Dawa ya pili atapewa hapo."

"Dokta," alisema Targelia, "hii ni dawa au mtihani?"

"Soma vizuri, Mwalimu," alijibu Dokta Yánez. "Wewe ulituambia jibu liko ndani ya swali."

Targelia alisoma tena. Fausto, pembeni, alikuwa anatazama dari kana kwamba imeandikwa kitu. Mwanamke yule akamtazama mumewe, akatazama karatasi, akamtazama mumewe tena, na rangi ikampanda mashavuni taratibu.

"Fausto Gavilanes. Wewe si mgonjwa."

"Sijui," alisema Fausto. "Mimi sisemi kitu."

Asubuhi wakapanda basi, kuku wakaachiwa jirani. Jibu lilikuwa Chimborazo, mlima waliokuwa wakiuona tangu utotoni, siku za anga safi, kama mtu anavyomwona tajiri wa mji: kwa mbali, na bila kualikwa. Mahali barabara inapopita mgongoni mwa mlima, penye mchanga mtupu na upepo unaokata masikio, basi lilisimama. Wakashuka. Vicuña, wale wanyama wa sufu wa milimani, walikuwa wanakula nyasi ngumu bila kujali, na juu yao ile theluji ilisimama karibu mno, kubwa mno. Targelia alivuta poncho, joho lake la sufu, akainua uso.

"Nilikuwa nakuchora mdogo," aliuambia mlima. "Nisamehe."

Basi jingine lilikuwa limeegeshwa hapo. Akashuka dereva mnene, kashika bahasha, kajifunika mdomo kwa skafu. Targelia alimtambua kwa mwendo.

"Segundo Bayas, toa hiyo skafu, salimia watu."

Segundo akaitoa. Chini ya pua palikuwa peupe kama yai.

"Mtoto wangu! Masharubu yamekwenda wapi?"

"Yameliwa na mumeo, Mwalimu," Segundo alisema kwa huzuni. "Ameyala jana, kwa wembe, huku anaimba."

Swali la pili liliuliza juu ya mto ulioivunja safu ya milima ya mashariki ukapita katikati, na mahali ambapo kijito chake kinaangukia kwenye sufuria ya mwenye pembe. Hilo Targelia alilijibu kabla hajamaliza kufungua bahasha. "Pastaza! Sufuria ya Shetani, chini ya Baños. Haya maswali ni mepesi, Fausto, nani kayatunga?" Segundo akakohoa, akasema anachelewa Ambato. Jioni ile walilala Baños, na asubuhi yake waliteremka kwenye maporomoko, ngazi moja moja, mpaka wakasimama kwenye jukwaa la mawe, maji yanadondoka mbele yao kwa kishindo kinachotetemesha mbavu. Walilowa hadi kwenye soksi. Mwanamke aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma mlangoni alimkumbatia Targelia hivyo hivyo alivyolowa.

"Unanikumbuka, Mwalimu? Blanca, niliyekuwa nakula chaki."

"Bado unakula?"

"Sasa nakula mahindi. Shika bahasha yako."

Ndani iliandikwa: "Mto ambao hujauchovya kidole unakusubiri. Nenda kwenye bandari yake ambako wezi wote wana mikia."

Targelia alisoma sentensi ya kwanza, akaacha. Akamgeukia mumewe. "Ulikuwa nyuma ya mlango," alisema polepole. "Ile siku. Na mkate." Fausto aliitikia kwa kichwa tu. Targelia akambana mkono, wakapanda basi la kuteremka msituni, na njia nzima, kupitia Puyo hadi Tena, kadiri makoti yalivyokuwa yanavuliwa moja baada ya jingine, Mwalimu alibandika uso dirishani, akitaja mito kila walipovuka daraja. Abiria wa kiti cha nyuma akaanza kumuuliza. Walipofika, nusu ya basi ilikuwa darasani.

Misahuallí, bandari ile ya swali, ni kijiji kidogo chenye ufukwe wa mchanga, pale mto mdogo unapoingia Napo. Targelia hakungoja kutafuta hoteli. Alishuka moja kwa moja hadi majini, akavua viatu, akavua soksi, akazikunja vizuri ndani ya viatu kama mtu anayeingia kanisani. Akachovya kidole kimoja cha mguu. Kisha mguu. Kisha akaingia mpaka magotini na sketi yake yote, akasimama, mikono kiunoni, akiutazama upana wa ule mto.

"Si wa baridi kama nilivyofundisha," alisema. Baada ya kitambo akaongeza, bila kugeuka: "Fausto, njoo."

Aliingia na suruali yake. Walisimama mle majini, wazee wawili wa milimani.

Bahasha ya nne ilikuwa kwa mwenye mitumbwi, naye alimpa Targelia pale ufukweni. Hakuwahi kuifungua. Kima mmoja mdogo, uso mweupe kama padri aliyepakwa unga, alishuka kutoka kwenye paa la kibanda, akaruka begani kwa Mwalimu, akanyakua bahasha na kupanda nayo mti. Watu wakapiga kelele. Kima alikaa kwenye tawi, akaifungua kwa ustadi wa karani wa posta, akaonja karatasi, akaona haina chumvi, akaanza kuichana. Mwenye mitumbwi alimrushia ndizi. Kima akapokea ndizi na karatasi hakuacha. Vipande vilianguka mtoni, vikachukuliwa na maji. Mwisho wa vita walikuwa na vipande viwili tu. Kimoja kiliandikwa "mstari," na kingine "juu ya the."

Fausto alishika kichwa. Miezi kumi na moja, na mnyama wa kilo mbili! Kule mwisho wa msako watu walikuwa wakingoja, kila kitu kilikuwa tayari, na yeye jibu alikuwa nalo, lilimjaa mdomoni. Akafungua kinywa.

"Targe, jibu ni..."

Kiganja cha mkewe kilimfika mdomoni kabla ya neno.

"Ukitamka hata silabi moja, nakuacha hapa na kima wenzako." Macho yake yalikuwa yanawaka kama ya msichana. "Huu ni msako wangu. Hakuna aliyewahi kunitengenezea. Nyamaza."

Na mzee akanyamaza. Aliwahi kunyamaza na jirani, na bilauri, na kuku, lakini kunyamaza pale, jibu likiwa kwenye ncha ya ulimi na mwenye kulihitaji akiwa mbele yake, ndiko kulikokuwa kunyamaza kweli. Alijikalia mchangani, akajaza mdomo ndizi.

Targelia akaokota kijiti. Akachora nchi kwenye mchanga, kwa mkono mmoja usionyanyuka, na watu wakamzunguka.

"Mstari," alisema. "Mstari gani? Nchi hii mstari wa maana ni mmoja." Akaukata kutoka pwani hadi msituni, sawasawa. "Ikweta. Sasa, 'juu ya the.' The nini?"

"Thelathini!" alisema mtu.

"Themanini!" alisema mwenye mitumbwi.

"Theluthi?"

"Ikweta inapita juu ya theluthi? Wewe, ulisoma wapi?" Alikitembeza kijiti juu ya mstari, polepole, pwani, mabonde, milima, na pale kwenye milima ya mashariki mkono ukasimama. "Theluji. Ni wapi ikweta inapita juu ya theluji?" Akakichoma kijiti mchangani. "Cayambe! Duniani kote ni hapo tu. Cayambe!"

Ufukwe mzima ulipiga makofi. Fausto alitaka kupiga pia ila alikuwa amepaliwa na ndizi, na mwenye mitumbwi akawa anamgonga mgongoni.

Walifika Cayambe kesho yake saa saba mchana, siku yenyewe ya kuzaliwa, baada ya kupanda tena kutoka kwenye joto hadi kwenye baridi, kupitia Baeza na ukungu wa Papallacta. Kwenye uwanja wa mawe ambapo mstari umechorwa ardhini, basi la Segundo lilikuwa limesimama, na mbele yake watu thelathini na wawili wamejipanga mistari miwili kama asubuhi ya shule, nusu upande wa kaskazini, nusu upande wa kusini: Ximena, Germán aliyetoka Guayaquil, Dokta Yánez, Blanca aliyefunga mahindi yake siku hiyo, na wengine wenye mvi na vitambi.

"Shikamoo, Mwalimu!" walisema kwa sauti moja ya kuvuta, ile ya darasani.

Targelia alisimama juu ya ule mstari, mguu huku na mguu kule. Aliwatazama. "Gonzalo, chomeka shati," alisema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Walimletea boksi la mbao. Alipolifungua akakuta mifuko, akafungua wa kwanza, akamimina kidogo kiganjani, akanusa, akasoma jina. Akafungua wa pili. Kwenye wa tatu alikwisha elewa, na hakumwita mtu amsaidie. Alipiga magoti juu ya mawe, miaka sabini siku hiyo, akaanza kuipanga mifuko chini: Carchi juu, Loja chini, Esmeraldas kushoto, Napo kulia. Nchi ikatokea, safari hii bila chaki. Ulipobaki mfuko mmoja aliupeleka mbali, upande wa magharibi, hatua kumi baharini, akaukagua jina: Galápagos. Uso wake ukabadilika ghafla.

"Nani kaleta hii?" aliuliza, sauti ya ukali. "Visiwa vile haruhusiwi mtu kuchukua hata kokoto! Nimewafundisha nini mimi?"

"Fungua, Mwalimu," alisema Fausto.

Alifungua. Ulikuwa mtupu, una karatasi moja tu. Aliisoma kwa sauti: "Mwalimu mpendwa, mimi ni askari wa hifadhi huku visiwani. Udongo sikutumii, kwa sababu ningelazimika kujikamata mwenyewe. Njoo uuone."

Alicheka mpaka akakaa chini kabisa, pale baharini, na Ximena akakaa naye. "Baba amekaa na hili tangu Septemba," Ximena alimwambia. "Tangu Septemba, Mama. Sisi wenyewe hatukuamini."

"Na mimi nilikuwa nakuchagulia suti ya kuzikwa," Targelia alimwambia mumewe.

"Ile ya kahawia?"

"Ile ya kahawia."

"Inanibana," alisema Fausto, akamsaidia kuinuka.

Wageni waliokuja kupiga picha kwenye mstari walikuwa wamesogea. Msichana mmoja aliuliza mifuko ile ni ya nini. Targelia akavaa miwani, na somo likaendelea kwa saa nzima na nusu, watu wakipitisha biskuti za siagi na jibini mkono kwa mkono. Mwongoza wageni wa pale alianza kwa kusikiliza kwa adabu, akaishia kuandika.

Jua lilipoanza kuegemea, Segundo aliwasha basi na kupiga honi: Guaranda, Guaranda, wote ndani. Fausto alichukua begi. Targelia hakusogea. Alikuwa ameshika mfuko wa Carchi, anaupima uzito kiganjani.

"Huu wa kaskazini kabisa," alisema, "ni mweusi kuliko nilivyokuwa nauwazia. Mabasi ya kwenda huko, ya Tulcán, yanapita barabara ipi?"

"Targe, kuku..."

"Kuku wana jirani." Alikuwa amekwisha anza kutembea kuelekea barabarani, sketi bado ina tope la Napo kwenye pindo, mkono mmoja juu, anasimamisha basi. "Fausto, begi! Linakuja."

Mzee akalitupia begi begani akakimbia.